Eliya chini ya mretemu: mwongozo kamili wa kushinda mawazo hasi kwa imani na Maandiko

Eliya alikuwa ametoka kushinda. Juu ya mlima Karmeli moto ulishuka mbele ya taifa zima, manabii 450 wa Baali wakaaibika, na mvua iliyoadimika kwa miaka mitatu na nusu ikanyesha. Kisha Yezebeli, mke wa mfalme, akamtumia mjumbe kwamba atamuua. Mtu aliyesimama peke yake mbele ya mfalme akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akatembea siku nzima jangwani, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe: “Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu, kwa kuwa mimi si mwema kuliko baba zangu” (1 Wafalme 19:4).

Tunapomkuta mpendwa katika hali hiyo makanisani kwetu, tunajua la kumwambia: kemea hiyo roho, ongeza imani, kiri ushindi. Mungu hakumwambia Eliya hata moja kati ya hayo. Alimwacha alale. Akamlisha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena, akalishwa tena. Akatembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na huko akaulizwa swali moja, akasikilizwa mpaka mwisho, akasahihishwa hesabu yake, akapewa kazi, akapewa mtu wa kwenda naye.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo. Nukuu zote zinatoka katika tafsiri ya Union ambayo wengi tumekua nayo. Utahitaji Biblia, daftari ambalo hakuna mwingine anayelifungua, na kalamu.

Kabla ya kuanza: je, ni mawazo tu au ni ugonjwa?

Kila mtu huwaza vibaya mara kwa mara. Lakini huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, mwili kukosa nguvu na kujiona hufai, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona hutibika hospitalini. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, watakuelekeza. Kwa matatizo mazito zaidi ziko Mirembe kule Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam, Mathari Nairobi na Butabika Kampala. Jina la Mirembe au Mathari limefanywa mzaha mitaani kwa muda mrefu, na mzaha huo umewaweka nyumbani watu wengi ambao wangepona.

Kama unawaza kujiua, acha kusoma hapa umpigie mtu sasa hivi, ndugu, jirani au mchungaji, umwambie kwa maneno ya wazi. Usibaki peke yako, na mwombe aondoe karibu nawe chochote ulichofikiria kujidhuru nacho. Kisha aende nawe hospitali.

Dawa si ushahidi kwamba imani imekwisha. Paulo alisafiri na Luka, “yule tabibu mpendwa” (Wakolosai 4:14), na alipomwandikia Timotheo kuhusu tumbo lake alimshauri atumie mvinyo kidogo; hakumwambia akemee tumbo (1 Timotheo 5:23). Charles Spurgeon, mhubiri wa London aliyejaza makanisa katika karne ya 19, aliteswa na huzuni kubwa karibu maisha yake yote. Mwaka 1856, alipokuwa akihubiri katika ukumbi uliofurika, mtu alipiga kelele za moto, watu wakakanyagana na saba wakafa. Hakupona kabisa jeraha lile, na alilizungumzia jambo la huzuni waziwazi mbele ya wanafunzi wake wa uchungaji. Mshairi William Cowper, aliyetunga tenzi pamoja na John Newton, aliishi na giza hilo mpaka kifo chake mwaka 1800. Hawa hawakukosa imani.

Hatua ya kwanza: uulize mwili

Kabla hujalijibu wazo lolote, jiulize: nimelala saa ngapi? Nimekula nini tangu asubuhi? Nimetoka nje leo? Malaika alipomgusa Eliya neno lake la kwanza lilikuwa “Inuka, ule”, na mara ya pili akaongeza sababu: “maana safari hii ni kubwa mno kwako.”

Weka sheria moja: hukumu yoyote kuhusu maisha yako inayokuja saa nane usiku haipokelewi mpaka asubuhi. Iandike, funga daftari, simu iache chumba kingine. Asubuhi utaisoma.

Kufunga nako kunahitaji busara. Kama chakula tayari hakipiti, hii si wiki ya kufunga. Zungumza na mchungaji au padri wako, na ule.

Hatua ya pili: liandike wazo kwa maneno yake lenyewe

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo kazi yote ilipo.

Horebuni Mungu alimuuliza Eliya, “Unafanya nini hapa, Eliya?” Eliya akajibu: nimeona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, Israeli wameliacha agano, wamezivunja madhabahu, wamewaua manabii, “nami nimesalia, mimi peke yangu, nao wanitafuta roho yangu, waiondoe.” Ukaja upepo uliopasua milima, likaja tetemeko, ukaja moto, ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Kisha swali lile lile likaulizwa tena. Soma mstari wa 10, halafu mstari wa 14. Jibu ni lile lile.

Yaani Eliya alisimama mbele ya Mungu, akaona asichokiona mwanadamu mwingine, na sentensi kichwani mwake haikubadilika. Ndiyo maana mtu hutoka kwenye mkesha wa Ijumaa akiwa amewaka moto, na Jumatatu anaamka na wazo lile lile la Alhamisi. Mkesha haukuwa bure. Ila sentensi yenyewe ilikuwa bado haijaguswa. Iliguswa mstari wa 15 hadi 18, Mungu alipoijibu.

Kwa hiyo itafute sentensi yako. “Nimechoka” au “nina mawazo” ni hali, bado si wazo. Wazo ni kile unachojiambia ndani: “Hata nijitahidi vipi, nitabaki hivi hivi.” “Wakinijua vizuri wataniacha.” “Mungu anawajibu wengine, mimi ananiruka.” Andika kwa nafsi ya kwanza, bila kulipamba na bila kulifanya la kiroho. Pembeni andika siku, saa, na kilichotokea muda mfupi kabla: simu kutoka nyumbani, ujumbe uliosomwa na haukujibiwa, picha ya harusi ya mtu mliyesoma naye.

Fanya hivyo kwa wiki moja bila kupigana na chochote. Mwisho wa wiki soma kurasa zote. Karibu kila mara utakuta mawazo uliyodhani ni mia ni sentensi tatu nne zinazovaa nguo tofauti.

Kazi hii ni ya zamani kanisani. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika majangwa ya Misri na kufariki mwaka 399, alikusanya mamia ya mawazo yanayowasumbua watawa, akayapanga katika makundi manane, na chini ya kila wazo akaandika andiko la kulijibu. Hakuandika “ukiwa na huzuni soma Zaburi.” Aliandika wazo linasema hivi, lijibu hivi. Na katika miaka ya 1960 daktari wa akili Aaron Beck, akifanya kazi Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita haraka yenyewe, wanayoyaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoijenga huanza kwa kuyanasa mawazo hayo na kuyaandika. Mtawa na daktari, wakitengana kwa miaka zaidi ya 1,500, wanaanzia mlango mmoja.

Hatua ya tatu: tenga tukio na hukumu uliyoliongezea

Rudi kwenye malalamiko ya Eliya uyapime. Israeli wameacha agano: kweli. Madhabahu zimevunjwa: kweli. Manabii wameuawa: kweli. Wanataka kuniua: kweli kabisa, Yezebeli ameapa. “Mimi peke yangu”: si kweli. Na cha kushangaza, Eliya alikuwa na habari. Sura moja tu nyuma Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alimwambia uso kwa uso kwamba amewaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, na kuwalisha chakula na maji (18:13). Aliyekata tamaa hasemi uongo kwa makusudi. Anasahau alichoambiwa juzi. Mungu akampa hesabu: wako elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yale tu ambayo shahidi angeweza kuyasema mahakamani. Kulia andika ulichoongeza wewe. Tuseme ni kijana aliyemaliza chuo na sasa anatafuta ajira. Kushoto: “Nimeitwa kwenye usaili mara tatu, sikuchaguliwa. Wenzangu wawili wamepata kazi. Nakaa kwa dada yangu.” Kulia: “Nina mkosi. Mungu amenisahau. Shemeji ananiona mzigo.” Upande wa kushoto unaumiza, na hakuna haja ya kujifanya hauumi. Upande wa kulia ndio unaomuua.

Sasa hoji kila mstari wa kulia. Nani alisema? Shemeji alitamka, au nimesoma uso wake? Kuna jambo nililoambiwa au kutendewa, kama Eliya na habari ya Obadia, ambalo sasa nimelisahau? Rafiki yangu angeniletea maneno haya haya kuhusu yeye, ningekubali?

Tahadhari moja. Yako mawazo mabaya ambayo ni ya kweli. Kama unadaiwa na mkopeshaji na rejesho ni Jumamosi, usijifunge chumbani kukiri kwamba hudaiwi. Paulo alipoandika orodha yake ya mambo ya kutafakari katika Wafilipi 4:8 alianza na “mambo yo yote yaliyo ya kweli”, kisha ndipo yakaja ya staha, ya haki, yaliyo safi na yenye kupendeza. Na aliandika akiwa kifungoni. Deni ni la upande wa kushoto: linahitaji mpango na mazungumzo na anayekudai. “Mimi ni mtu wa kushindwa tu” ni la upande wa kulia, nalo ndilo tunalolishughulikia hapa.

Hatua ya nne: wazo likikuhukumu, liulize linataka nini

Mawazo mengine hayasemi habari ya kesho. Yanasema habari ya jana: ulichofanya, ulichoharibu, mimba uliyoitoa, mzazi uliyemwacha akafa bila kumtembelea. Kwa haya usikimbilie kujifariji.

Petro alimkana Yesu, Yuda akamsaliti, na wote wawili waliumia kwa majuto. Mathayo 27 inasema Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akatamka wazi, “Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia.” Hayo ni maungamo. Lakini aliyapeleka kwa makuhani wasiojali, wakamjibu, “Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.” Akatoka peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini siku ya tatu tunamkuta bado yuko na wenzake, na baadaye ufukweni pamoja na Yesu, anaulizwa mara tatu kama anampenda.

Paulo anazitenga huzuni mbili katika 2 Wakorintho 7:10: iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba, na ya dunia huleta mauti. Kwa vitendo unaweza kuzipima hivi. Roho Mtakatifu hutaja tendo na kukuonyesha mlango: nenda ukaombe msamaha, rudisha, ungama. Mshitaki hutaja wewe, kisha hufunga mlango: wewe ndivyo ulivyo, hakuna la kufanya. Ukiona mlango, pita. Ungama kwa Mungu, na kama kanisa lako lina kitubio, kitumie, mpigie uliyemkosea, lipa kinacholipika, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Usitumie Warumi 8:1 kukwepa deni la mtu. Lakini ukishafanya hayo na wazo bado linakurudia na kesi ile ile, hapo ndipo Warumi 8:1 inapoingia kwa nguvu zake zote: “Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.” Na moyo ukiendelea kubisha, soma 1 Yohana 3:20: “Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.”

Hatua ya tano: tafuta andiko linalojibu sentensi hiyo

Yesu jangwani alijaribiwa mara tatu, akajibu mara tatu, “Imeandikwa”, na majibu yote matatu yalitoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Kila jibu liliendana na jaribu lake. Alipoambiwa ageuze mawe kuwa mkate alijibu kwa andiko la mkate, habari ya mana na njaa ya Israeli jangwani. Ona pia kwamba shetani naye alinukuu: Zaburi 91, maneno sahihi kabisa, mahali pasipo pake.

Ndiyo maana sipendi zile orodha za “mistari 50 ya ushindi” zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mstari uliokatwa kwenye sura yake hauna mizizi. Ukitikiswa unang'oka, na wewe unadhani Mungu ndiye aliyeng'oka. Tazama mitatu inayopendwa zaidi.

Yeremia 29:11, “nayajua mawazo ninayowawazia ninyi”, ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari unaoutangulia unasema watakaa huko miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Ndiyo sababu inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe. Kwa kijana wetu aliyekosa kazi, andiko hilo halimwahidi usaili wa nne. Linamwambia Mungu hajamsahau hata kama kusubiri kutakuwa kurefu, na kwamba apande bustani wakati anasubiri. Ukinisikiliza mimi, hiyo ni habari njema zaidi.

Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu”: mstari wa 12 unasema mambo yenyewe ni yapi, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mithali 23:7, “aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo”, ambao umejengewa mahubiri mengi ya nguvu ya mawazo, unamzungumzia mwenyeji mwenye husuda anayekukaribisha kula huku moyo wake haupo nawe. Hauhusu kabisa kujiwazia utajiri.

Basi fanya hivi: ukipata mstari, soma sura nzima. Jiulize nani anaambiwa, yuko katika hali gani, na Mungu anamwahidi nini hasa. Kama hali yake inafanana na yako, andiko ni lako. Liandike chini ya sentensi uliyoipata katika hatua ya pili.

Nitakupa mifano michache ambamo mtu ndani ya Biblia alitamka wazo lenyewe na Mungu akalijibu, maana hiyo ndiyo migumu kung'oa. Wazo “Mungu amenisahau” lilitamkwa na Sayuni katika Isaya 49:14, na jibu liko mstari unaofuata: mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye? “Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe.” Wazo “mimi si kitu, nitaanzia wapi” ni la Musa katika Kutoka 3:11, “Mimi ni nani?” Angalia jibu lilivyo. Mungu hamwambii Musa kwamba yeye ni hodari, amesoma ikulu, asijidharau. Anamwambia, “Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe.” Swali la Musa ni nani limeachwa palepale, kilichobadilika ni nani yuko naye. Kwa mtu anayejidharau hii ni dawa tofauti sana na kusimama mbele ya kioo kujisifu. Wazo “kesho itakuwaje” lijibu kwa Mathayo 6:34, inayosema “Yatosha kwa siku maovu yake”, na usome kuanzia mstari wa 25. Anayesema “nimechoka kuishi” amkute Paulo katika 2 Wakorintho 1:8, akikiri kwamba walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Ajue hajavuka mpaka ambao mtume hakuufikia, kisha arudi kule juu nilikoandika kuhusu hospitali.

Hatua ya sita: omba bila kujipaka rangi

Zaburi 42 na 43 zinarudia mistari ile ile mara tatu: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu.” Mwenye zaburi anaisemesha nafsi yake badala ya kuiacha imsemeshe. Lakini haisemeshi mara moja ikakaa kimya. Anasema, anazama tena (“Kilindi chapigia kelele kilindi”), anasema tena. Wewe nawe tegemea kurudia.

Kama huna maneno, tumia Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, “hata lini” mara nne mfululizo. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Chukua mpangilio huo uweke ya kwako. Kijana wetu angeomba hivi: “Bwana, hata lini? Naona aibu kila nikikaa mezani kwa dada. Nitazame. Nipe kazi, na leo nipe ujasiri wa kumwambia shemeji asante badala ya kumkwepa. Nimeziamini fadhili zako, wewe uliyeniandalia ada mpaka nikamaliza.” Si maombi ya kupendeza jukwaani, na hayakusudiwi jukwaa.

Ukifika kwenye tumaini ukakuta hakuna, usilibuni. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado iko kwenye Biblia. Omba hivyo hivyo, kesho utarudi. Maombolezo sura ya 3 inatembea mistari 20 ya uchungu kabla ya kufika “Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini”, na ndipo rehema zilizo mpya kila siku asubuhi zinapotajwa.

Hatua ya saba: liweke kinywani

Andiko moja kwa wiki linatosha. Liandike kwenye kadi pamoja na wazo ambalo andiko hilo linalijibu, wazo upande mmoja, andiko upande wa pili. Jirekodi ukilisoma kwa sauti, usikilize kwenye daladala. Torati ilishataja nyakati: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo (Kumbukumbu la Torati 6:7). Wazo likija, lisome upande wake, geuza kadi, soma jibu, endelea na ulichokuwa ukifanya. Usikae kubishana nalo saa nzima. Na kama status za watu fulani huwa ndizo zinazoandikwa pembeni ya daftari lako kila mara, zizime. Hakuna dhambi ndani yake.

Hatua ya nane: kazi ndogo, na mtu mmoja

Jibu la Mungu kwa Eliya halikuishia kwenye hesabu ya elfu saba. “Enenda, urudi katika njia yako”: kuna wafalme wawili wa kupakwa mafuta, na kuna Elisha. Wewe anza na kitu kinachokwisha leo: kufua, kupalilia matuta mawili, kumsindikiza bibi wa jirani kliniki, kufagia kanisa Jumamosi. Kichague wewe mwenyewe usiku uliotangulia, maana asubuhi ya mawazo mabaya haichagui kitu.

Halafu mtu. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba kabla ya kuingia jangwani, na mpaka Elisha alipoanza kumfuata alitembea bila mtu. Mtafute mmoja katika jumuiya yako ndogo ndogo, seli, kwaya au nyumbani. Cheo chake si muhimu. Muhimu ni kwamba anatunza siri, na hatageuza habari zako kuwa ombi la maombi kwenye grupu kabla ya jioni. Mzee wa kanisa anayesimulia mambo ya wengine kwako atasimulia yako kwao; mwache.

Mwambie waziwazi unachotaka: “Dada, nina mawazo yananisumbua. Naomba tukutane kila Jumapili baada ya ibada, nusu saa. Nitakusomea nilichoandika, na wewe uniambie kama ni kweli. Kisha tuombe.” Wengi hawajawahi kuombwa hivyo na hawatajua wafanye nini, kwa hiyo wasaidie. Wape Ayubu 2:13 wasome. Marafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno. Matatizo yalianza walipofungua midomo. Kwa hiyo mkutano wa kwanza na uwe wa kusikiliza tu. Wa pili mwombe apitie upande wa kulia wa ukurasa wako na kuweka alama pale anapoona umeongeza chumvi. Yeye ndiye atakayemkumbuka Obadia wakati wewe umemsahau. Na mpe ruhusa, tangu mwanzo, akikuona unazidi kudhoofika akupeleke hospitali hata siku ambayo utamwambia huna tatizo.